Gari la Breki Mbili

Jumamosi, 2 Agosti

Pu! Hivyo tu. Kama godoro lililoloa maji likiangushwa sakafuni. Halafu Shangazi, na yai la kuchemsha mdomoni: "Jiwe hilo."

Si jiwe. Jiwe halina mama. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni — pundamilia mkubwa, amesimama katikati ya barabara, ameinamisha shingo, ananusa kitu kidogo cha milia ya kahawia. Hakukimbia. Sisi ndio tuliokimbia.

"Twende, twende, twende," alisema Baba. Baba! Mwenye shule ya udereva, aliyeandika ukutani mwa darasa kwa rangi nyekundu: UKIGONGA, SIMAMA. Mama akapandisha kioo. Akaniuliza kama nataka juisi.

Juisi!

Getini Baba alimwambia askari wa hifadhi kwamba tumefurahi kupita kiasi, tumeona hadi chui. Chui hatukumwona. Askari akacheka, akainua kizuizi. Hakwenda mbele ya gari kutazama.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Nyumba ya wageni, chumba kimoja na Shangazi. Kwenye sabuni kuna unywele wa mtu mwingine. Nimeoga hivyo hivyo, mara mbili.

Jumapili, 3 Agosti

Jana niliandika kama wakili. Baba alisema, Mama akapandisha, Shangazi na yai lake. Kana kwamba nilikuwa abiria.

Sikuwa abiria. Mimi ndiye niliyeshika usukani.

Leseni sina. Mtihani ni mwisho wa mwezi huu. Tumekuja na gari la shule, lile jeupe lenye breki mbili — moja kwa mwanafunzi, moja miguuni pa mwalimu. Alama ya mwanafunzi Baba aliibandua nyumbani, ati inaharibu picha. Tulipoingia hifadhini akaniambia barabara tupu, hakuna trafiki, shika wewe. Ndani ya gari hilo siitwi mwanangu. "Mwanafunzi, kioo! Mwanafunzi, gia!" Na lile neno lake ambalo wanafunzi wake wote wanalijua: "Ukisita, mimi nipo."

Pundamilia mkubwa alivuka. Nikapunguza. Akapita, nikaongeza mwendo. Ndipo yule mdogo akachomoza kwenye majani. Nikasita. Nikamngoja Baba. Na Baba alikuwa amegeukia nyuma na simu, anawapiga picha Mama na Shangazi. "Wifi, cheka basi, meno si yako?" — Shangazi huyo.

Breki mbili, miguu minne. Hakuna aliyekanyaga.

Na nilikuwa nimeambiwa! Hilo ndilo linaloniuma. Saa moja kabla yake tulikwama kwenye mchanga, na dereva mmoja wa watalii, mwenye kofia nyekundu, akasimamisha gari lake, akafunga kamba, akatuvuta. Mara ya kwanza ndoano ilichomoka upande wetu, kwa kuwa Baba aliifunga kwa kujifanya anajua, ikaruka ikampasulia taa ya mbele. Yeye akacheka. "Taa itabadilishwa, mzee wangu. Bora haikupata jicho la mtu." Akaja dirishani kwangu. "Dada, huku ukiona mmoja amevuka, usiondoke. Nyuma yake yupo mwingine."

Nilimjibu asante kwa sauti ya msomi asiyehitaji kufundishwa.

Jumatatu, 4 Agosti

Hifadhi ya pili. Harufu imeanza.

Kwanza tulidhani ni mayai ya Shangazi. Akaapa si yeye. Mama akanusa viatu vya kila mtu, mmoja mmoja, kama askari wa forodha. Kila gari linapopunguza mwendo, harufu inaingia. Likikimbia, inabaki nyuma. Kwa hiyo Baba anakimbia. Ndani ya hifadhi!

Getini tulisimamishwa. Mlinzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, anamwambia kila dereva aende taratibu. Ati juzi hifadhi ya jirani dereva wa watalii ameua mtoto wa pundamilia akatoroka. Wamemkamata kwa sababu alipita barabara ile na taa ya mbele imepasuka. Anakana, anadai taa ilivunjwa na ndoano akiwavuta watu waliokwama. "Watu gani? Hata jina lao hajui," alisema mlinzi. "Miaka kumi na sita ameendesha humu. Wamechukua beji yake. Kikao ni Ijumaa, asipopata shahidi ndiyo basi, hagusi tena usukani wa hifadhi."

Nilitazama kisogo cha Baba. Hakikutikisika. Kisha kikasema — ndiyo, Baba alisema, kwa sauti ile ile ya darasani: "Hawa madereva wa utalii ndivyo walivyo, mama. Mwendo, mwendo, mwendo. Mimi ni mwalimu wa udereva, nayajua haya."

Mlinzi akamshukuru! Akatupigia saluti.

Nilifungua mlango nikatapika kando ya gari. Mama akasema ni joto. Shangazi akasema labda nina mimba, kisha akacheka peke yake.

Jumanne, 5 Agosti

Pwani. Bahari nzuri, hoteli nyeupe. Naiona kama picha iliyobandikwa juu ya ukuta wenye ukungu.

Asubuhi kabla ya kuondoka Baba aliosha gari mwenyewe, yeye ambaye tangu nimjue huwaachia wanafunzi. Alichuchumaa mbele ya grili na mswaki. Mswaki wa meno! Nilisogea. Nyuma ya grili, karibu na feni, kuna kipande cha ngozi kimejipachika mahali mkono haufiki. Manyoya laini, mlia wa kahawia, mlia mweupe. Nzi wameshakipata.

"Mwanafunzi, kaniletee maji," alisema. Nje ya gari! Hakuwahi kuniita hivyo nje ya gari.

Mama akaja na pafyumu yake, ile ya harusini, akapuliza kwenye grili. Nzi wakaruka, wakarudi. Kwa hiyo leo tumesafiri kilomita zote hizo na harufu ya mzoga uliokwenda harusini.

Nilisema mchana, mezani, wote wakiwepo. Nilisema yule mtu alituvuta. Nilisema kikao ni Ijumaa. Baba akaendelea kuchambua samaki, anapanga miiba ukingoni mwa sahani kwa mstari ulionyooka.

Mama: shule ikifungiwa, walimu wanne na familia zao waende wapi? Na mimi binti yake, niliyetoka tu kupata kazi, nianze na kesi?

Shangazi: "Mnyama ni mnyama, bi mdogo. Simba wanakula wangapi kila siku?"

"Simba hadanganyi getini, Shangazi."

"Loo! Haya, msomi kasema."

Baba akafuta vidole kimoja kimoja. Alisema amenyamaza kwa ajili yangu. Kwa ajili yangu! Kwamba siku nitakapokuwa na mtoto nitaelewa. Kisha akaniomba limau.

Nikampa. Hilo nalo liandikwe. Nilinyoosha mkono nikampa limau.

Jumatano, 6 Agosti

Picha siku nzima. Mama ameziweka kwenye kundi la ukoo, na mama wadogo na wajomba wameshajibu: familia yenye upendo, mashaallah, amina, mioyo myekundu. Katika moja Baba amenishika bega mbele ya gari, bampa inang'aa. Nimetabasamu. Natazama meno yangu katika picha hiyo na yananichukiza kuliko nzi.

Siwachukii wao tu, najichukia na mimi. Siku nne nimeandika humu nikijiona msafi kwa kuwa natapika. Kutapika si kazi. Yule mwenye kofia nyekundu hatapewa beji yake kwa sababu msichana fulani pwani amekosa hamu ya kula.

Nyuma ya risiti ya geti la Jumamosi kuna namba ya ofisi ya hifadhi ile ya kwanza. Nimeisoma mpaka naijua kwa moyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Saa tatu na nusu asubuhi. Niko kibarazani, naandika nimesimama, mwandiko huu nitaucheka baadaye au sitaucheka.

Baba ameamka na furaha. Anasema barabara ya ufukweni imenyooka na haina magari, mahali pazuri pa kujifunza, na mtihani umekaribia. "Leo unaendesha wewe, mwanafunzi. Tusiruhusu hofu ikuzoee." Ameshakaa kiti cha kushoto, penye breki ya pili. Shangazi yuko nyuma na mayai. Mama anapuliza pafyumu.

Nilisema nimesahau miwani. Miwani ninayo usoni. Hakuna aliyeona.

Ukweli ni kwamba nilishapiga simu. Saa mbili kamili, mapokezi, kwa simu ya hoteli, mhudumu akijifanya hasikilizi. Mwanaume wa upande wa pili alikuwa na mafua. Nikampa namba ya gari. Nikamwambia habari ya kamba na ndoano, na taa iliyovunjika mbele ya macho yetu wanne. Nikamwambia ngozi bado imo kwenye grili, karibu na feni, wakija wasikubali kuambiwa gari limeoshwa.

Akauliza, "Wewe ni nani kwa huyo dereva?"

"Mimi ndiye dereva."

Akapenga kamasi. Akauliza leseni. Nikasema sina. Akauliza aliyekaa kando yangu alikuwa nani.

Hapo nilisita. Nakiri. Nilisita kama siku ile, nikasubiri mtu mwingine akanyage. Mhudumu alikuwa anapanga funguo. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Baba yangu," nikasema. Na jina lake, lote, herufi kwa herufi.

Alisema wana kituo karibu, nusu saa kwa gari, na wataondoka saa tatu na robo. Akaniambia nihakikishe gari haliondoki. Nikasema haliondoki, funguo ninazo mimi.

Ninazo. Zimenichora kiganjani.

Baba anapiga honi. Mara moja, fupi, kama anavyofundisha — honi si tusi. Mama anauliza kwa sauti kama hiyo miwani naichonga. Sasa Baba ameshuka, anakuja huku, anatabasamu, amenyoosha mkono —