Tumbo la Mfugaji wa Malambo

Karatu, Jumanne

Basi, nimeamua. Nabaki na upasuaji wa jumla.

Leo aliletwa mfugaji kutoka Malambo, kachomwa pembe tumboni na fahali wake. Daktari bingwa anayenifundisha akaniambia, "Fungua wewe, mimi nitakusaidia." Utumbo ulikuwa umetoboka. Nikaushona.

Jioni mkewe akaniuliza, "Daktari, atapona?"

"Nadhani atapona, mama. Ameamka, anakutafuta."

Akanishika mkono, kisha akaingia wodini.

Wenzangu wananishawishi nibobee kwenye figo, nihamie Dar. Lakini huku mgonjwa hachagui pa kuumia: leo tumbo, kesho mguu. Mtihani wa ubingwa nimeshaufeli mara moja, na bado unanitisha. Nitaurudia. Nikifeli tena, nitaurudia tena.