Koti Nililolibana kwa Makusudi

Baba,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu hukuwahi kupokea habari yoyote kabla yake. Siku jiko la jirani liliposhika moto, Rajabu akaja mbio kukuambia, ulimrudisha mlangoni asalimie kwanza. Moto ukazimwa na wengine, wewe bado unamfundisha adabu.

Nakuandikia nikiwa barazani hapa Bigwa, cherehani mbele yangu, koti lako mapajani. Nataka kukuambia kwamba mimi mwanao nina wivu. Huzuni ninayo pia, lakini hiyo kila mtu anaijua, watu wamekuja kunipa pole mpaka nimechoka kuitikia. Wivu ndio sijamwambia mtu. Nakuambia wewe kwa kuwa wewe ndiye uliyenitia.

Arobaini yako tuliifanyia kwenu, milimani juu ya Mkuyuni. Kisomo kilikwenda vizuri, wali ulitosha, mvua ilisubiri mpaka watu wakashiba. Baada ya hapo wazee wa ukoo wako wakakaa kufanya jambo lao. Unalijua. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mimi, Rajabu na Mwanaidi ni watu wa ukoo wa Mama. Wewe ulikuwa wa ukoo wa Bibi, na ulipoondoka, jina lako lilirudi kwao kutafuta mtoto wa dada yako. Nayajua hayo tangu nina akili, na nilidhani nimeyazoea. Wakamwita Hamisi, mtoto wa Shangazi Mwajuma, wakamkalisha mkekani, wakamvisha koti lako na kututangazia kwamba huyu si Hamisi tena. Huyu ni Mzee Kobelo, na sisi wanao inatupasa tumwite Baba.

Hamisi, Baba. Ambaye nimemzidi miaka miwili. Ambaye nilimfundisha mimi kufunga kamba za viatu.

Sasa nikiri. Wiki moja kabla ya arobaini, Shangazi aliteremka na koti lako kwenye mfuko wa plastiki, akanipa na kikaratasi cha vipimo. "Mpunguzie mwenzio mabega, mwanangu, wewe ndiye unayelijua hili koti." Ni kweli ninalijua. Ulipostaafu jeshi na kuacha sare zako kambini kule Ngerengere, ulirudi nyumbani na shati jeupe, ukawa hujui mikono uiweke wapi. Nilikuwa bado najifunza ushonaji. Nikatafuta kitambaa cha kaki, nikakukatia koti lenye mifuko minne na vifuniko vyake, koti la kwanza kushona maishani mwangu. Mkono wa kushoto ukatoka mrefu kuliko wa kulia kwa upana wa kidole. Ulikunja ule wa kushoto mara moja, ukabandika nishani yako ya vita kifuani, ukaenda Siku ya Mashujaa hivyohivyo, na miaka yote iliyofuata.

Koti hilo ndilo niliambiwa nimpunguzie Hamisi. Nikapunguza mabega kama nilivyoambiwa. Halafu nikapunguza na makwapa, ambayo hakuna aliyeniambia. Nilifanya mchana kweupe, nimekunywa chai, akili yangu timamu, na nilipiga mshono mara mbili ili usiachie.

Siku yenyewe alipokwisha kuvishwa, shehe akaanza dua. Watu wote tukanyanyua mikono. Hamisi akanyanyua ya kwake, ikafika kwenye kitovu ikagoma. Akabaki hivyo, viganja juu, kama mtu aliyeshikishwa beseni. Mtani wako mmoja kule nyuma akasema kwa sauti, "Kobelo wa zamani alikuwa anaomba na Mungu anamwona, huyu mpya anaomba chinichini." Watu wakacheka mpaka shehe akacheka. Nami nikacheka ndani ya kanga, nisikufiche, nilicheka kwa raha. Ilipofika zamu ya kumsalimia, Mama alitangulia, akapiga magoti akamkaribisha, machozi yanamtoka huku anatabasamu. Rajabu akafuata, akasema shikamoo Baba bila kusita. Mwanaidi naye. Mama akanitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa nimeshakwenda jikoni kusugua masufuria ambayo yalikuwa masafi.

Wivu huu haukuanza kwenye mkeka, Baba. Ulianza kwenye gwaride.

Ulipokuwa likizo ulitupanga uani kila asubuhi kabla ya shule. Mguu sawa, mguu pande. Ukakagua kucha, kola, masikio. Ndipo ukaanza kutupa vyeo. Wa kwanza nilikuwa mimi: koplo, nikiwa darasa la tatu, kwa kumbeba Mwanaidi mgongoni kutoka zahanati mvua inanyesha. Niliringa mwezi mzima. Kisha nikakaa kwenye cheo hicho miaka arobaini. Hamisi alikuja kwetu likizo, akakaa wiki mbili, akavunja kikombe cha Mama chenye maua, na siku ya kurudi milimani ukamfanya sajenti. Rajabu alipopata kazi Mwanza, luteni. Mwanaidi alipoolewa Tanga, sajenti, na ukampigia saluti mbele ya wakwe. Mimi niliyebaki Bigwa, nyumba ya tatu kutoka kwako, niliyekuletea uji na kukupeleka kliniki ya macho, koplo. Nilikuuliza, na si mara moja. Ulikuwa unanijibu bila kucheka, "Faili lako linashughulikiwa."

Ulitupenda, sisemi hukutupenda. Nani mwingine mtaani alibeba ndoo ya maji ya mkewe kichwani, mwanajeshi mzima, wanaume wenzake wanamtazama? Chungwa ulimenya ganda likatoka zima bila kukatika, nusu ya kwanza ikawa ya Mama, nasi tukasubiri mstarini. Lakini mtu anaweza kupendwa na bado akahesabu nani kapewa nini. Mimi nilihesabu.

Kisha ikaja ile miezi yako ya mwisho. Nilikuosha, nilikugeuza, nilikukata kucha zako wewe uliyekuwa unakagua za kwetu. Kila wiki Hamisi aliteremka na mkungu wa ndizi, akakaa nawe nyuma ya nyumba. Mlikuwa mnaongea. Nilisikia sauti yako ikiwa na nguvu ambayo mimi sikuwa naipata. Nikija na chai, mnanyamaza. Nilijua mnaongea habari za vita. Maisha yako yote hukunisimulia vita vya Uganda, ila kwamba kulikuwa na baridi na kwamba maharage ya jeshini yalikuwa na mawe. Mimi nikapata maharage, Hamisi akapata vita. Ndiyo maana nilibana makwapa. Sasa unajua.

Alhamisi iliyopita alikuja. Nilimwona anapanda njia, mkungu begani, mfuko mkononi, nikajiandaa kugombana. Alipofika kibarazani tukakwama wote wawili. Zamani yeye ndiye aliyeniamkia, mimi ni dada yake. Sasa ni mimi ninayetakiwa kumwamkia, yeye ni wewe. Tukatazamana, kila mmoja anasubiri. Mwishowe akasema, "Habari za hapa." Nikasema nzuri. Ilikuwa aibu, Baba, ungeturudisha wote mlangoni.

Akatoa koti, akaliweka juu ya cherehani. Akasema, "Koplo, makwapa yananibana."

Damu ilinipanda. Jina achukue, koti achukue, mkeka achukue, lakini Koplo uliniita wewe peke yako, hata Mama hakuwahi. Nikamuuliza nani kamwambia aniite hivyo. Akainama, ana aibu zile zile za utoto, akasema, "Mwenyewe. Aliniambia wazee wakinipa mimi jina, Koplo nimwache hapohapo, nisimpandishe."

Nikamwambia akae. Akanisimulia, na nakuandikia alivyonisimulia ili ujue kimenifika. Kwamba vitani mlikuwa makoplo wawili, wewe na rafiki yako wa Kondoa, mnalalia blanketi moja na kula sahani moja ya bati. Yeye akapandishwa kuwa sajenti. Mkamshangilia, mkamtania. Asubuhi yake akahamishiwa kikosi cha mbele, akaondoka na kijiko chenu mfukoni kwa kusahau. Wiki haikuisha mkaletewa habari zake. Kwamba tangu hapo ukaona cheo kinakwenda na safari. Mtoto anayeondoka ulimpa, kwa kuwa anaondoka tu, angalau aende na heshima. "Lakini Koplo hapana," Hamisi alisema ulisema. "Sajenti anahamishwa. Huyu namtaka hapa."

Hamisi akawa anamenya ndizi asiyoitaka.

Nimefurahi, Baba. Nililia, na nimefurahi. Lakini niruhusu nikuulize: kwa nini hukuniambia mimi? Nilikuwa hapo. Nilikuwa nimeshika kikombe chako cha chai. Miaka arobaini nadhani faili limepotea, kumbe umelikalia mwenyewe, na sababu ya kunipenda namna ile umekwenda kumkabidhi Hamisi anitunzie. Hata hilo nimelipokea kutoka mkononi mwake. Unaona ulivyonifanyia? Nilikuwa namwonea wivu kwa koti, sasa namwonea kwa hili.

Nadhani najua kwa nini. Ungeniambia mwenyewe, ungelia mbele yangu, na wewe hukuwahi kulia mbele ya mstari.

Alipotaka kuondoka alisimama pale ngazini, akasafisha koo, akasema maadamu sasa yeye ndiye Kobelo, nikitaka ananipandisha leo. Alisema kwa nia njema, hakuwa anatania. Nikamwambia faili langu aliache hapohapo lilipo. Akaitikia kwa kichwa, akachukua mfuko wake mtupu, akateremka. Hakuniuliza kama nilibana kwa makusudi. Alijua, na hakuniuliza.

Leo nimefumua. Ile mishono miwili niliyoipiga kwa hasira imenipa kazi, nimevunja sindano moja na kujichoma kidole gumba. Nimeachia makwapa, nimeachia na mgongo kidogo, maana Hamisi ana mgongo mpana wa kubeba ndizi. Mkono wa kushoto sijaugusa. Ni mrefu kwa upana wa kidole, na utabaki mrefu. Atakuwa anaukunja kama ulivyokuwa unaukunja, na kila akiukunja ajue nani alishona.

Nakuahidi hivi. Kesho nikishampa Mama uji napanda Mkuyuni, napeleka koti mwenyewe. Nitamkuta nyumbani kwao na Shangazi, pengine na wale watani wako wasiokosa pa kuchekea. Nitamsalimia mbele yao, shikamoo Baba, kwa sauti ya kusikika. Huenda isitoke vizuri mara ya kwanza. Nitairudia mpaka itoke. Kisha nitamkalisha anisimulie vita vyote, tangu mwanzo, na safari hii chai ataileta yeye.

Wivu bado ninao, usidhani umeisha kwa sababu nimelia. Nitakuwa nao nikimwamkia, nitakuwa nao akivaa koti. Nimeona nikuambie kuliko kukuficha.

Mungu akupumzishe, Baba, wewe na yule wa Kondoa, na akurudishie kijiko chako. Kucha nimekata asubuhi hii, kola yangu ni safi, masikio pia.

Mimi, Koplo. Niko hapahapa Bigwa.