Wifi Aliyenifungia Wodi

Oli, Arua
11 Februari 2018

Wifi Stella,

Salamu kwako na kwa kaka yangu Zéphyrin. Watoto hawajambo? Mimi mzima, ila roho inawaka.

Betty wa ofisi ya matroni ameniambia. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya manesi wapya wa wodi unayoisimamia, ukalikata kwa mkono wako. Ulisema, "Huyu mvivu, namjua nyumbani." Wifi, ulipojifungua nilikufulia nguo miezi mitatu. Huo ndio uvivu?

Sasa kila hospitali ninayoomba inauliza nimefanya wodi wapi. Sina pa kutaja. Naenda Koboko, kuna watu wanatafuta nesi wa kuchanja watoto. Sitasahau.

Wifi yako,
Elise

Arua
20 Februari 2018

Wifi Elise,

Salamu. Sisi wazima, mtoto tu ana mafua.

Ndiyo, nililikata. Wodini nataka mtu anayenisikiliza, wewe unajibujibu. Nenda ukachanje. Lakini usijiite nesi mbele yangu. Mtu ambaye hajafanya wodi, kwangu ni mchuuzi wa sindano.

Wifi yako,
Stella Kiden

Arua
4 Machi 2025

Wifi mpendwa,

Natumaini uko mzima huko Koboko. Simu yangu hupokei, ndiyo maana naandika. Zéphyrin hajui kwamba nakuandikia.

Nilianguka nikimwinua mgonjwa, nikaumia mgongo. Daktari amenikataza kuinua watu tena, kwa hiyo wodi basi. Nasikia baada ya chanjo ulisomea kutuliza maumivu ya wagonjwa wa kansa, na sasa wewe ndiye mkubwa wa manesi wanaowatibu majumbani. Nafasi moja iko. Nimeomba. Tafadhali wifi, ya zamani tuyaache.

Wifi yako,
Stella

Koboko
15 Machi 2025

Wifi Stella,

Salamu, na pole ya mgongo. Intavyu ni Ijumaa tarehe 28, saa tatu asubuhi. Njoo.

Elise

Koboko
2 Aprili 2025

Wifi Stella,

Salamu nyingi. Mgongo unaendeleaje?

Kazi umeikosa. Tuliokuhoji tulikuwa watatu mezani. Ezati alikupa maksi sabini na nne, Shamirah sabini na moja. Mimi nilikupa tisa. Hiyo tisa ndiyo iliyokuangusha.

Mofini, ile dawa ya maumivu makali, uliieleza vizuri. Ulipoonyesha namna ya kumwambia mama kwamba mtoto wake hatapona, Shamirah alifuta machozi. Mimi hapo niliandika sifuri. Nataka ujue kwamba ni mimi, na kwamba sikukosea kuhesabu. Miaka saba nimeingia nyumba za watu huku wakubwa wakiniuliza ni nesi gani huyu asiye na wodi. Kila walipouliza, nilisikia sauti yako.

Tangu Ijumaa nalala vizuri.

Wifi yako,
Elise

Arua
9 Aprili 2025

Wifi Elise,

Salamu. Watoto wazima. Mgongo unauma, lakini natembea.

Barua yako niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama, halafu nikampa Zéphyrin. Akasoma mpaka mwisho, akauliza, "Na wewe ulimfanya nini kwanza?" Nikamwambia yote. Hilo ni kosa langu, nalibeba.

Jana nilipanda gari mpaka Koboko. Kwako sikufika. Nilikwenda kwa mkurugenzi wenu, mama Night Poni, nikamwekea barua yako mezani. Nilimweleza pia nilivyolikata jina lako, asije akayasikia hayo kwako kwanza. Aliisoma, kisha akaniuliza:

"Unamchukia hivyo?"

"Ndiyo, mama. Na yeye ananichukia hivyohivyo."

"Mgonjwa wangu akilia kwa maumivu, nimwachie nani kati yenu?"

Barua aliifungia kwenye kabati.

Intavyu inarudiwa Jumatatu. Mezani hutakaa. Mimi nitaitwa saa tatu, nijibu upya. Wewe utaitwa saa nne, ujieleze. Tutapishana mlangoni.

Wifi yako,
Stella Kiden