Suruali ya Ngozi ya Tajiri wa Hana

Wanjiru, mjukuu wangu,

Mimi ni mzima kabisa huku Chekoslovakia, hata mguu haunisumbui. Sisi wamama wa Tetu tumecheza ngoma zetu kwa wakulima wa Hana, watu wa mashamba makubwa ya shayiri na farasi wanono. Sasa sikiza.

Jana kulikuwa na harusi, na wote walivaa nguo za kizamani. Bibi arusi alivalishwa sketi juu ya sketi, zimepigwa wanga mpaka hawezi kuketi. Alisimama kwenye gari la farasi njia yote! Na baba yake, mzee mwenye mali, alivaa suruali ya ngozi, imeshonwa maua mapajani. Ngozi, Wanjiru! Nikaishika bila haya, nikamuuliza kwa ishara ni ya mnyama gani. Akalia, "Meee!" Na mimi nikashika sketi yangu ya ngozi, nikamjibu, "Meee!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha mzee akaniketisha kando yake, mbele ya wakubwa wote.

Na wewe uliniambia nini? Ati, "Cucu, usije harusi yangu na ngozi, utaniaibisha kwa wakwe." Wakwe gani hao, walizaliwa ndani ya nailoni?

Nitakuja nayo. Mwambie mama yako atayarishe mafuta ya mbarika, niipake ing'ae. Ukiona haya, jifunike uso na hiyo shela yako.

Kula vizuri, umekonda sana. Mungu akuchunge.

Cucu wako anayekupenda,
Wanjiru mkubwa