Gari Liligoma, Nikamtuhumu Fundi Bakari

Kitaya, Mtwara
Jumapili mchana

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naanza na goti lako kabla ya mambo yangu. Bado linakusumbua asubuhi zenye ukungu? Na Mama, kile kifua kimemwachia? Najua Njombe sasa baridi inapenya hadi kwenye blanketi, wakati sisi huku tunalala madirisha wazi. Mimi ni mzima. Nafundisha, nakula, na nimezoea hata ming'oko, mizizi ya porini ambayo watu wa huku huichimba na kuichemsha. Mikorosho imeanza kutoa maua.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii vizuri, na haya sipendi kuyasema kwa kupaza sauti. Yanahusu gari ulilonipa.

Wiki tatu zilizopita nililipeleka kwa Fundi Bakari. Huyu ni mtoto wa Bi Somoe, mama mwenye nyumba niliyopanga. Ana kibanda karibu na mashine ya kusaga, na kazi yake kubwa ni injini za mashine, pampu za mashamba ya mpunga na pikipiki. Magari hapa ni machache. Alisafisha vichwa vya betri, akabadilisha plagi, tukaagana tukicheka. Siku mbili gari likaenda vizuri. Siku ya tatu asubuhi nikazungusha ufunguo, stata ikapiga kwa nguvu zote, lakini injini haikushika. Nikarudia mpaka nikaogopa kumaliza betri. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima. Sikuitilia maanani.

Nilimwita Bakari, akaja saa ile ile. Akapima betri, akaangalia fyuzi moja moja, akachomoa plagi zile mpya na kuzirudisha, akasikiliza kama pampu ya mafuta inavuta. Alifanya hivyo siku mbili mfululizo, akitoka na kurudi. Mwishoni alisema gari ni zima, hajui linataka nini. Mimi nikampigia simu fundi mmoja wa mjini ambaye hata simfahamu, nikamweleza. Akaniuliza nani aliligusa mwisho. Nikamtajia. Akasema magari ya aina hiyo yana vifaa vinavyotafutwa, na huenda nimetolewa kizima nikawekewa kibovu.

Baba, neno hilo lilinitosha. Sikulipima. Mimi ndiye ninayewafundisha watoto wa kidato cha pili kwamba usitoe jibu kabla ya kujaribu, lakini nilibeba maneno ya mtu nisiyemjua mpaka kwenye mashine ya kusaga. Palikuwa na foleni ya wanawake na makopa yao, mihogo mikavu ya kusaga. Mmoja akaniuliza mbona siku hizi natembea kwa miguu. Nikajibu kwamba gari langu lilikuwa zima mpaka lilipopita mikononi mwa Bakari, na aliyelitoa kitu anajijua. Kisha nikaenda kwa mtendaji wa kijiji nikaandikisha malalamiko.

Maneno yalifika mbali kuliko nilivyokusudia, au labda yalifika nilikokusudia. Kesho yake mwenye mashine alikuja na mkokoteni kuchukua injini yake ya akiba iliyokuwa ikitengenezwa kibandani. Mwenye pampu naye akafuata. Nyumbani, Bi Somoe hakubadilika kwa jambo lolote ambalo ningeweza kulitaja. Alinisalimia, aliniachia nafasi yangu jikoni. Jioni moja tu, akichambua mchele, aliniambia bila kuinua uso, "Bakari ana makosa yake, Mwalimu. Lakini mkono wake haujawahi kuchukua."

Niliona ni mama anamtetea mwanawe.

Jumamosi, siku nane zilizopita, mtendaji alituita wote pale gari lilipo, nyuma ya nyumba. Alitaka Bakari aoneshe mbele ya mashahidi kila alichokigusa. Mimi nilikuja na Mwalimu Halfani, mwenzangu shuleni, mtu wa Newala, anayefundisha kemia. Alitoka maabara moja kwa moja, na funguo za huko alikuwa nazo mkononi.

Bakari alifungua boneti, akaeleza kazi yake tangu mwanzo. Alieleza vizuri, bila hasira, kama mtu aliyeitwa kwa jambo la mtu mwingine. Mtendaji akaniambia nijaribu kuliwasha. Nikajaribu, stata ikapiga, basi. Halfani akasema labda nakanyaga mafuta vibaya, akaomba akae yeye. Akazungusha ufunguo wangu. Gari likawaka papo hapo.

Watu walicheka. Halfani akalizima, nikakaa mimi: kimya. Akakaa yeye: likawaka. Mzee mmoja akasema wapo watu wenye mkono mwepesi, na mwingine akapendekeza nimwajiri Halfani awe dereva wangu. Bakari peke yake hakucheka. Alisogea mpaka dirishani, akawa anatazama mkono wa Halfani.

"Hizo funguo nyingine," alisema. "Mpe mtendaji, halafu ujaribu tena."

Halfani akazitoa. Akazungusha. Gari halikuwaka, na ile taa nyekundu ikaanza tena. Bakari akazichukua mwenyewe, akaziweka karibu na swichi, akazungusha. Likawaka, na taa ikazimika.

Hapo ndipo nilipoelewa. Unakumbuka ufunguo ulionipa ulivyokuwa umelika, na kichwa chake cha plastiki kimepasuka. Miezi michache iliyopita mchonga funguo mjini alinichongea mwingine mpya. Ule wa zamani ulishavunjika ulimi, kikabaki kichwa tu, nami nikakiacha kining'inie kwenye pete moja na ufunguo mpya. Ile wiki ya matengenezo, Halfani aliniomba funguo za maabara. Hazikuwa na pete, nikazifunga kwenye kile kichwa cha zamani ili zisipotee, nikampa. Kesho yake asubuhi gari ndipo lilipogoma.

Bakari aliomba kisu, akakipasua kichwa kile taratibu. Ndani mlikuwa na kitu cheusi kidogo kama mbegu ya papai, hakina waya. Akatuonesha kiganjani. Akaeleza kwamba hicho ndicho gari hukitambua. Kisipokuwa karibu na swichi, gari huamini anayeliwasha ni mwizi, hukata moto, na kuacha stata ihangaike bure. Alishawahi kusikia habari za magari ya namna hiyo, hakuwahi kukutana nalo.

"Mwalimu," akasema, "gari lako halikuwa bovu. Lilikuwa halikujui."

Mtendaji akafuta malalamiko palepale. Nikamwomba Bakari radhi mbele ya watu saba au wanane waliokuwepo, nami nilikuwa nasema kweli. Alikunja kitambaa chake cha kufutia mikono, akakitia mfukoni. "Uliyasema mashineni, Mwalimu," alinijibu. "Kayamalizie mashineni."

Nilikwenda Jumatatu, foleni ilipokuwa ndefu. Kwa ule mlio nisingesikika, ikabidi nimwombe mwenye mashine aizime. Wanawake wakageuka wote, na unga nyusoni. Nikasema kwamba Fundi Bakari hakutoa kitu kwenye gari langu, kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba nilimsemea uongo mahali pale pale. Mama mmoja akasema, "Tumesikia." Mwenye mashine akaiwasha tena.

Mwenye pampu amerudisha kazi yake kwa Bakari. Ile injini ya akiba haijarudi, ilishapelekwa Mtwara mjini na huenda isirudi. Bakari alikitia kile kipande kwenye kichwa cha ufunguo mpya, akakifunga vizuri, na gari linakwenda. Tunasalimiana. Kucheka bado.

Baba, nilipokuwa nimesimama pale mashineni nilikukumbuka wewe. Nilikuwa darasa la tano ulipotolewa kwenye udereva wa halmashauri kwa sababu ya tairi la akiba, na miezi ikapita ndipo lilipoonekana stoo. Ukaitwa tena kazini, ukaenda. Lakini sikumbuki mtu yeyote kuja nyumbani kukwambia kwamba walikukosea. Nimejaribu kukumbuka mgeni yeyote, hata mmoja, sikumpata. Hukuwahi kusema, na mimi sikuwahi kuuliza. Nakuuliza leo. Alikuja mtu?

Mpe Mama salamu yangu ya kamwene, na umwambie ile sweta naivaa nikisafiri tu. Msalimie kaka Lameki anayewaangalia ng'ombe, shangazi Tulia wa kule kwenye mashamba ya chai, na mwinjilisti wetu, ambaye najua ndiye atakayekusomea barua hii macho yako yakichoka. Kwake pia sina la kuficha.

Nabaki hapa, binti yako anayekupenda,

Anita