Bega la Tenisi

Shoga, bado niko hospitalini.

Daktari katazama picha ya bega la binti yangu, akauliza, "Mbali na tenisi, anacheza nini?"

Baba yake akajibu kwa kujidai, "Hachezi kingine! Kuogelea na netiboli nilimpiga marufuku tangu mdogo, asipoteze nguvu."

Kwa kujidai, shoga!

Daktari akavua miwani. "Hicho ndicho kilichomuumiza. Bega lilelile, pigo lilelile, kila siku. Mtoto wa sekondari ana bega la bibi kizee."

Mimi machozi.

Mtoto akauliza taratibu, "Kwa hiyo tenisi basi?"

"Basi, mwanangu," daktari akamjibu.

Akashusha pumzi, akatabasamu. Nakwambia alitabasamu!

Halafu akasema, "Asante, daktari."

Asante, shoga. Na baba yake kasimama palepale.