Spika Imepona, Isipelekwe kwa Fundi

Husna,

Nimekwenda Segera kumpokea shangazi yako. Wageni wa akika wakifika kabla yangu, wawekee kaswida kwenye spika. ~~Ikikataa, ipeleke kwa fundi pale stendi.~~ Hapana, usiipeleke popote. Ikikataa, shikilia kitufe cha kuwashia pamoja na cha kuongezea sauti mpaka taa iwake na kuzima. Iwashe upya, kisha itafute kwenye bluetooth ya simu yako uiunganishe.

Asubuhi spika ilikuwa bubu kabisa. Baba yako akanisema mbele ya bibi yako: “Mama Husna, kila unachogusa kinakufa!” Hata chai hakunywa, akapanda pikipiki kwenda shamba, Makuyuni. Sikufichi mwanangu, iliniuma.

Nikakaa nayo. Pikipiki ilipopotelea mbali tu, spika ikakubali simu yangu! Kumbe ilikuwa imeng'ang'ania simu ya baba yako, iliyokuwa mfukoni mwake muda wote anafoka. Nikaisafisha kumbukumbu ya spika kwa vitufe hivyo viwili. Bibi yako alicheka mpaka kanga ikamdondoka.

Uji wa dada yako uko jikoni, umpashie moto. Mzazi hanywi uji wa baridi.

Na wewe Baba Husna, najua unasoma. Spika imesahau simu zote, yako ikiwemo. Kuiunganisha nitakufundisha mwenyewe, ukishaniomba radhi mbele ya mama yako.

Mama Husna